Vichwa vya Samaki Kwenye Miembe ya Kabula

Kabula mwanangu,

Mmeondoka mchana na mama yako kwenda Nyalikungu kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa na kuku, mbwa, na karatasi nilizonunua dukani kwa siri kama mtu anayenunua pombe. Nilisema nabaki kwa sababu ya mifugo. Mifugo ina mchungaji wake na wewe unajua. Nimebaki ili nikuandikie, kwa sababu kila nikifungua mdomo kukuambia habari za safari yako najikuta nazungumzia nzi wa matunda. Juzi nilikuita kabisa, ukaja ukakaa, nikakuuliza kama mitego ya upande wa kisima imebadilishwa dawa. Ukasema imebadilishwa. Nikasema sawa. Ukainuka ukaenda zako, na mama yako akanitazama kwa yale macho yake unayoyajua.

Kwa hiyo naandika. Nina muda mpaka gari la Maswa litakapowarudisha.

Ya kufua, ya kula, ya kufunga mlango, ya wavulana wa Morogoro, hayo yote mama yako ameshakumwagia, na kesho stendi atakumwagia tena dirishani hata dereva akiwasha gari. Mimi nayaruka. Langu ni moja. Jana asubuhi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko natafuta waya wa kufungia banda, nikakusikia unamwambia mama yako, "Mama, mi naona niombe kwenda mwakani. Msimu wa kubebesha miembe ndo huu unaanza. Baba macho hayaoni vizuri, na mkono unamtetemeka. Atabebesha na nani?"

Mama yako akasema, "Tutaona." Akaendelea kupepeta.

Nilisimama pale na waya mkononi nisijue niende mbele au nirudi nyuma. Chuo cha Morogoro kimekupa nafasi ya ufundi umeme, na wamesema wazi kwamba asiyeripoti, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Hakuna mwakani. Wewe unajua hivyo, na bado unataka kuiacha kwa ajili ya miembe yangu. Nikuambie ukweli, Kabula: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Aibu ilikuja baadaye. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Naogopa nikikuambia uso kwa uso nenda, utaiona ile furaha usoni kwangu, utabaki.

Sasa ngoja nianze mbali kidogo, unajua mimi siwezi kusimulia kitu kuanzia katikati.

Babu yako alikuwa mtu wa ng'ombe. Alisema mti huwezi kuuhamisha nyasi zikiisha, na hajawahi kuona binti anayeolewa kwa mahari ya miti. Mimi nikamkaidi, nikawa mtu wa pamba, nikajiona nimeendelea. Mwaka ule kabla hujazaliwa nilikuwa Lamadi nasubiri gari la kurudi Bariadi. Mama mmoja alikuwa amepanga maembe makubwa kwenye meza, ya kijani yenye wekundu kidogo begani. Nikamwambia, "Mama, unauza mabichi?" Akachukua kisu akanikatia kipande.

Mimi nilikulia maembe yetu ya kienyeji, yale ya kula dakika chache halafu unashinda unachokonoa meno. Lile halikuwa na nyuzi hata moja. Nilikula nimesimama, maji yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko, nikanunua jingine nikalimaliza palepale. Nikamuuliza linaitwaje. Akasema kenti. Kokwa nikalifunga kwenye leso nikaliweka mfukoni, na njia nzima nilikuwa nalipapasa kama nimebeba kifaranga.

Nililipanda mbele ya nyumba, nikalizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Ukazaliwa wewe. Ulijifunza kusimama kwa kushika miti ya uzio ule, na ulichomwa na miiba yake mara nyingi kuliko mbuzi. Mimi huku nimeshatangaza kijiji kizima kwamba ipo siku nitawaonjesha embe la ajabu. Siku ilifika. Matunda yakatoka madogo, makali, nyuzi tupu. Mzee Ng'wandu, jirani yetu, alionja moja mbele ya watu, akatafuna taratibu, akatoa nyuzi mdomoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Maduhu, hii ndo kenti yenyewe?"

Niliuchukia mti ule miaka yote. Ningeukata kama mama yako asingekuwa anauanikia nguo. Hakuna aliyeniambia kwamba kokwa la kenti halikuahidi kenti. Limetoka na mambo yake lenyewe, ya mama na ya baba asiyejulikana. Ukitaka embe lile lile, inabidi uchukue kikonyo, ile ncha ya tawi la mti unaoutaka, ukibebeshe kwenye shina jingine. Hilo nilikuja kulijua kwako, wewe uliyekuwa umevaa sketi ya shule.

Unakumbuka ulivyoniomba? Ulirudi likizo, umetoka kufundishwa na mwalimu wenu wa kilimo, ukaniambia, "Baba, naomba ule mwembe." Nikasema chukua, hauwezi kuharibika zaidi ya hapo. Nikaenda zangu kupeleka pamba. Narudi jioni nakuta kisiki. Kabula, kisiki! Kinanifika kiunoni, matawi yamelala uani, na wewe umekaa juu yake na panga unakula michembe ya viazi. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka nje. "Nimekupa mti, sijakupa ruhusa ya kuua!"

Ukasema, "Subiri, baba. Kitachipua."

Kikachipua kweli. Vichipukizi vilipokuwa vinene kama kalamu ukaja na vikonyo vya kenti umevifunga kwenye kitambaa kibichi. Mimi nilikaa mlangoni nanoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Nilikuona unakata kikonyo pande mbili kwa kiwembe, unapasua kichipukizi, unachomeka, mama yako anakushikia, wewe unazungusha nailoni mpaka juu. Ulipomaliza ukanigeukia, ukaninyooshea kidole mimi baba yako: "Usiguse. Usifungue kuangalia kama imeshika. Nailoni nitaifungua mwenyewe."

Vile vilivyoshika viliupa mti ule maisha mapya. Kimoja kilikauka, cha upande wa banda, na wewe ukamlaumu mbuzi. Yule mbuzi tulishamla, lakini namtakasa leo: ni mimi. Nilifungua kidogo tu, nichungulie.

Ndiyo asili yangu hiyo, na sijui kama itakwisha. Nikikipenda kitu siwezi kukiacha kifanye kazi yake. Mambo mengi niliyoharibu maishani niliyaharibu kwa bidii, si kwa uvivu. Uvivu ungenisaidia mara kadhaa.

Chukua habari ya dawa. Miche uliyobebesha wewe likizo zilizofuata imekua, imejaza lile shamba la upande wa kisima, ikatoa maua ya kwanza ya maana. Wewe upo shuleni. Asubuhi nikaenda kuangalia, nikakuta kila shada la maua limejaa wadudu: nzi, nyuki, vijidudu visivyo na jina. Sasa mimi ni mtu wa pamba. Kwenye pamba ukimwona mdudu huulizi ametoka wapi. Nilitoa bomba, nikachanganya dawa iliyobaki ya pamba, nikapiga mti kwa mti, huku naimba. Sikuruka hata shada moja. Jioni nikamwambia mama yako, "Kabula akirudi atakuta shamba safi."

Ulipokuja ulikuta mashada yamesimama makavu, hayana hata tunda. Ukazunguka shamba zima. Ukarudi ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ulipiga dawa?"

"Nimepiga vizuri sana."

Ukakaa chini. Natamani ungenifokea, lakini ulikaa tu chini kwenye majani makavu, ukanieleza kama mwalimu wa chekechea kwamba wale nzi ndio washenga wa mwembe, ndio wanaobeba vumbi la ua hili kulipeleka kwa ua lile, na pasipo wao hakuna tunda. Mimi nikakujibu kwamba dawa ile haikuwa ya bure. Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wangu aliyekuwa amekaa chini. Mpaka leo nikilikumbuka nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hatujawahi kulizungumza vizuri, wewe na mimi. Watu hulisimulia wakicheka, na mimi hucheka nao.

Nilitaka kurekebisha. Mwaka uliofuata maua yalipotoka nikajisemea, kama ni nzi wanahitajika, nitawaletea nzi. Nikaenda Lamadi kwa akina mama wanaosafisha samaki, nikaomba vichwa na matumbo, wakanipa gunia zima wakiniuliza nina paka wangapi. Kondakta alinishusha kabla ya kufika, nikamalizia kwa miguu. Asubuhi yake nikavining'iniza kwa waya, kila mti kichwa chake. Nzi walikuja, mwanangu. Walikuja kama wameitiwa harusi. Nilisimama katikati ya shamba nimeziba pua, nafurahi.

Sikumwambia mtu yeyote. Shamba ni langu, samaki ni wangu, nani ananiuliza? Wewe uliponifundisha habari za nzi ulinifundisha mimi peke yangu. Jirani anayepita njiani kwenda kisimani yeye aliona jambo jingine. Aliona miembe imeota vichwa vya samaki vilivyoachama midomo. Na hapa kwetu, Kabula, hata anayekwenda kanisani kila Jumapili akiona kitu kama hicho hutembea haraka.

Nilipoona watu wanapita mbali nilidhani ni harufu. Baadhi niliwadhania wivu. Maneno yalikuwa yananipita mimi yanakwenda kwa mwingine. Bibi yako alikuwa anaishi nasi wakati ule, kwenye ile nyumba yake ndogo ya pembeni. Macho yake mekundu ni moshi, maisha yake yote amepika kwa kuni na kwa samadi kavu kwenye jiko lisilo na dirisha. Wewe unajua ni moshi, na mimi pia. Lakini wewe unajua pia macho mekundu ya bibi kizee yameshawaponza wangapi, wakaitwa wachawi, katika nchi hii ya kwetu.

Siku moja alirudi kutoka kisimani na ndoo tupu. Akaniambia, "Watu wamenipisha njia. Wote. Hata watoto wamevutwa mkono."

Nikacheka. "Wanakuheshimu, mayu."

Akanitazama. "Maduhu, mimi ni mzee, sijawa mjinga. Toa hivyo vichwa."

Sasa soma hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapokuwa na aibu kuliko kwenye dawa, kuliko kwenye kila kitu. Nilimwambia asubiri kidogo maua yamalizike. Mama yangu mzazi aliniambia anaogopa, na mimi nikamwambia asubiri maua.

Wewe ulirudi likizo siku zilezile. Sijui nani alikusimulia njiani, maana ulifika nyumbani umeshajua. Hukunisalimia, ulikwenda moja kwa moja kwa bibi, ukakaa naye mlango umefungwa. Halafu ukavunja shada moja la maua ukatoka. Ulizunguka nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nakuona kwa mbali unapiga goti, unasalimia, "Mwadila, mayu," unawaonyesha ua, unawaonyesha nzi. Wengine walikukaribisha, wengine walikusikilizia mlangoni. Jioni tukaitwa kwenye kikao cha sungusungu, na mimi ndiyo nikaanza kuogopa, wakati mama yangu alikuwa ameogopa wiki nzima.

Mkuu wao aliuliza, na hakuwa na mzaha: "Tumeona vichwa vya samaki. Samaki anatafuta nini kwenye mwembe?"

Nikafungua mdomo nianze kusema shamba ni langu. Ukanigusa mkono. Ukasimama wewe, ukamwita guku, babu, kwa heshima.

"Ananitafutia nzi, guku."

"Nzi?"

"Nzi, guku. Mwembe bila nzi hauzai. Baba aliwaua mwaka jana kwa dawa ya pamba, sasa anawabembeleza warudi."

Mzee Ng'wandu, yule yule wa nyuzi, akasema kutoka nyuma, "Nzi tunao wengi nyumbani kwangu, wa bure. Mbona hamkuja kuomba?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Hukungoja asubuhi. Ulivitoa vichwa vyote wewe mwenyewe mbele ya watu, ukachimba mashimo, ukavifukia kwenye mashina, na ukamwomba mkuu wa sungusungu akushikie tochi. Akaishika.

Lakini bibi yako alihama wiki ile. Alisema anakwenda Nyalikungu kwa shangazi yako kutibiwa macho. Hajarudi kukaa mpaka leo. Watu wanaposimulia kwa kucheka habari ya nzi wa Mzee Ng'wandu, hawaifikishi hapo.

Miti ilizaa mwaka ule kuliko miaka yote, tukaweka nguzo kushikilia matawi. Matunda ya kwanza niliyapeleka Nyalikungu. Nilimmenyea mwenyewe. Akala, akalifyonza kokwa mpaka likawa jeupe, akafuta mikono, akaniuliza, "Vichwa ulitoa?"

"Nilitoa, mayu."

"Haya. Menya lingine."

Hivyo ndivyo alivyonisamehe, na sijui kama nilistahili. Leo mkiwa kule, naamini amekuuliza habari za miembe kabla ya kukuuliza habari zako.

Nakuandikia haya kwa sababu unakwenda mahali ambapo utakuwa binti unayepanda nguzo za umeme mbele ya watu wasiokujua. Wataona bisibisi na waya, wataona suruali, watasema yao. Mimi sina hekima nyingi lakini hii niliilipia, na aliyeilipia zaidi ni bibi yako: kazi yako ieleze mwenyewe, mapema, kwa mtu wa kawaida, kama ulivyowaeleza wale akina mama kwa shada la maua. Usiseme shamba ni langu. Na mtu dhaifu akikuambia anaogopa, acha unachofanya hata kama maua hayajaisha. Basi. Hapo nimemaliza kuhubiri, na nimeona jogoo ananitazama.

Unakumbuka sokoni Bariadi, mara ya kwanza tunapeleka kenti? Wale akina mama walizigeuza wakasema, "Mbichi hizi, baba, rudi nazo." Mimi nimeshaanza kukasirika, si unanijua. Wewe ukachukua moja ukawaonyesha mabega. Ukasema hii haitazamwi rangi, inatazamwa hapa, mabega yakijaa na kupita kikonyo cha tunda imekomaa, muda wake wa kulainika unakuja wenyewe. Ukakata, ukagawa. Nilikuwa nakuangalia na nilikuwa namwona yule mama wa Lamadi. Wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka jina la kenti. Waliniita kwa mbali, "Baba, ile ya Kabula umeleta?" Na sasa ndilo jina lake soko zima. Kuna mama simjui wala hanijui, nilimkuta anamwambia mteja, "Chukua Kabula, haina nyuzi." Nikanunua yangu mwenyewe, nikaondoka nayo.

Kwa hiyo ulipokuja mwaka huu ukasema umeomba umeme, mimi nilikuwa nimeshawaambia watu sokoni unakwenda kusomea kilimo. Nilikununia. Nilikuwa nakula bila kusema, nasalimia mbwa sikusalimii wewe. Mpaka mama yako akaniwekea sahani akasema, "Hivi unamnunia mtoto, au unalinunia lile kokwa lako la Lamadi?"

Nilikasirika zaidi, kisha nikaenda shambani nikakaa. Alikuwa amesema kweli, kama kawaida yake. Nilitaka uwe kikonyo changu, nikubebeshe pale ninapotaka na uzae kilekile ninachokijua. Kumbe wewe umetoka kwenye kokwa, una mambo yako mwenyewe. Umeme hukuupata kwangu wala kwa mama yako. Ulikuwa unatazama wale vijana wa nguzo walipoleta nyaya kijijini, chakula kinapoa, tunakuita hujibu. Ile redio ya babu yako uliifungua ukairudisha, ikabaki skrubu moja, na ikaimba. Nilipaswa kujua siku ile. Nilikuwa natazama miembe.

Sasa tuje kwenye swali lako la jikoni. Atabebesha na nani?

Nyuma ya banda la kuku, chini ya yale magunia uliyoniuliza nimefunika nini nikakujibu mbolea, pana miche. Tangu ulipopata nafasi ya chuo nimekuwa najizoeza pale ukiwa hupo. Nilivaa miwani. Nilishikilia mkono wa kulia kwa kushoto. Yangu yote imekufa, Kabula. Sitakudanganya. Vikonyo vimekauka vyote kama njiti za kiberiti, na sikufungua hata kimoja, nakuapia.

Siku moja mama yako alipita na beseni la vyombo, akasimama, akanitazama ninavyokata. Akasema, "Unakata kama unachinja." Akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanipokonya kiwembe. Mimi na wewe miaka yote tumekuwa tukimwita aje atushikie nailoni, "Mama shika hapa, mama vuta hapa," na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mtu anayeshika nailoni ana macho. Alibebesha mche mmoja tu. Akaufunga, akachukua beseni lake, akarudi kwenye sufuria.

Jana asubuhi, kabla hujamwambia yale maneno, tulifunua gunia tukaangalia ule mche wake. Ndiyo maana alikujibu tutaona. Amenikataza nisikuambie mpaka aone majani yamefunguka vizuri, anasema hataki sifa za mapema. Lakini wewe unaondoka alfajiri na mimi siwezi kunyamaza na jambo kama hili. Akikuuliza, umegundua mwenyewe.

Nasikia honi barabarani, nadhani ni nyinyi. Naifunga barua hii niitie kwenye begi lako chini ya shuka, uikute leo usiku ukitafuta pa kuweka kanga ya bibi, maana lazima amekupa kanga.

Kesho kabla ya kwenda stendi zunguka nyuma ya banda la kuku ufunue gunia la pembeni. Utaona majani mawili, mekundu bado, laini kama masikio ya ndama. Utataka kuinama uangalie imebana kiasi gani. Usiguse, mwanangu, ng'wanawane. Panda basi. Nailoni tutaifungua wenyewe.

Baba yako